Mizani ikigoma, usikimbilie kupunguza sahani

NAMANGA. Ni saa 1:30 asubuhi na kibanda cha mamalishe, hatua chache kutoka kituo cha pamoja cha forodha, kimejaa. Madereva wa malori wanakunywa supu kwa chapati. Mawakala wa forodha wanapekua karatasi huku chai ikipoa. Wavushaji wa nafaka wanamalizia mihogo kabla foleni haijarefuka.

Pembeni amekaa mama mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Mbele yake kuna kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Hajaagiza kitu kingine, na mamalishe ameshazoea kutomuuliza.

Miezi sita iliyopita mama huyu alikuwa na kilo 94. Magoti yalimuuma kila alipopanda kwenye lori kukagua mzigo, na daktari alimwambia shinikizo la damu limeanza kupanda. Akaacha soda, akapunguza wali wa usiku, akaanza kutembea kutoka stendi badala ya kupanda bodaboda. Akashuka hadi kilo 83. Kisha mizani ikagoma. Wiki ya kwanza 83, wiki ya tatu 83, wiki ya sita 83.

Akafuta chakula cha mchana. Mizani haikusogea. Akafuta na kifungua kinywa. Haikusogea. Sasa ikifika saa 8 mchana kichwa kinamuuma, mikono inatetemeka, na mara mbili amekosea kubadilisha shilingi za Kenya kwa za Tanzania, hasara ambayo faida ya gunia zima haifidii. Akiambiwa ale vizuri hutikisa kichwa. Anaamini kwamba tonge moja la ziada litamrudishia kilo zote 11.

Mama huyu si mtu mmoja. Ni picha ya wafanyabiashara walioko Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo na Tunduma, wanaume kwa wanawake, waliojitahidi kupunguza uzito kwa sababu za kiafya, wakafika mahali mizani ikasimama, na sasa wanakiogopa chakula chenyewe. Hofu hiyo ina gharama, na mfanyabiashara huilipa kwa nguvu zake, kwa akili yake ya hesabu na mwishowe hata kwa ule uzito aliojitahidi kuupunguza.

Hofu ya pande mbili

Katika ukanda huu kukonda hakujawahi kuwa jambo jepesi. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu walianza kudhoofika na kufa kwa maradhi ambayo hayakuwa na jina. Waganda wakayaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walibainika mkoani Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichovuma katika biashara ya wakati huo. Leo unajulikana kama Ukimwi na una dawa za kuudhibiti, lakini alama ya miaka ile imebaki sokoni. Mtu akipungua kilo 10, watakaomsifu watakuwepo, na watakaonong'ona kwamba anaumwa watakuwepo pia.

Ndiyo maana anayepunguza uzito kwa makusudi huwa amekwishapigana vita moja kabla mizani haijagoma. Amevumilia minong'ono. Amekataa pilau ya harusi mbele ya wakwe. Amewaeleza wateja wa zamani kwamba haumwi. Kilo alizopunguza amezilipia kwa jasho, na mtu hulinda kwa wivu kitu alichokilipia. Mizani inaposimama, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kwamba amelegea, na dawa pekee anayoijua ni ile iliyomfikisha pale, yaani kupunguza tena.

Hapo hapo ndipo wauzaji wa njia ya mkato humkuta. Mipakani hupita vidonge vya kukondesha na chai za kusafisha tumbo, vingine bila maandishi ya kueleweka. Chai za namna hiyo mara nyingi huwa na majani ya kuharisha. Zinachotoa mwilini ni maji, na maji hurudi. Katika baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama dawa za asili, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Aliyefunga mchana kutwa kisha akameza kidonge asichokijua anaongeza hatari juu ya hatari.

Mwili unapobana matumizi

Kila mfanyabiashara anajua la kufanya biashara ikidorora. Safari zinapunguzwa, kibarua wa pili anasimamishwa, taa ya stoo inazimwa mapema. Mwili nao hufanya hivyo hivyo chakula kinapopungua kwa muda mrefu.

Ushahidi maarufu zaidi ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kuanzia Novemba 1944, mtafiti Ancel Keys aliwafuatilia vijana 36 waliojitolea. Baada ya wiki 12 za kula kawaida, walikaa wiki 24 wakila takriban kalori 1,570 kwa siku, karibu nusu ya mahitaji yao, huku wakitakiwa kutembea maili 22 kila wiki. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Nishati ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa kiasi cha asilimia 40. Walihisi baridi hata kukiwa na joto, walikasirika kwa mambo madogo, walichoka, na mawazo yao yote yalihamia kwenye chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito.

Tafiti hizi hazisemi kwamba asiyekula hukoma kukonda. Vijana wa Minnesota waliendelea kupungua. Zinachoonyesha ni kwamba mwili hupunguza matumizi kidogo kidogo. Kwanza, mwili mdogo unahitaji chakula kidogo: aliye na kilo 83 habebi kila siku zile kilo 11 alizokuwa akizibeba zamani. Pili, mtu mwenye njaa hujongea kidogo bila kujua. Anakaa badala ya kusimama, anamtuma mtoto badala ya kwenda mwenyewe, anapanda bodaboda kwa mwendo aliokuwa akiutembea. Tatu, viungo vyenyewe hubana matumizi. Hatimaye kinachoingia na kinachotoka hulingana, na mizani husimama.

Kwa hiyo mizani kugoma hakumaanishi kuwa mtu amelegea. Ni jambo linalotokea karibu kwa kila anayepunguza uzito kwa muda mrefu. Swali ni hatua gani ifuate.

Kwanza, daftari

Kabla ya kuongeza au kupunguza chochote, kuna jambo moja ambalo mfanyabiashara yeyote atalielewa: huwezi kusema duka linapata hasara bila kufungua daftari.

Mwaka 1992, watafiti wa New York walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu waliolalamika kwamba hawakondi ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, ilionekana walikuwa wanataja pungufu chakula walichokula kwa takriban asilimia 47, na kuzidisha mazoezi waliyofanya kwa takriban asilimia 51. Hawakuwa waongo. Chakula cha kuonja na kumega hakikai akilini.

Maisha ya mpakani yamejaa chakula cha aina hiyo. Soda moja ya mililita 300 ina takriban kalori 130. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, ni kalori 170. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na mchuzi wa kibandani unaweza kuwa na vijiko vitatu. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari, ni karibu kalori 190. Aliyeacha wali lakini anakunywa chai ya sukari kila anaposubiri muhuri anaweza kuwa anakula vya kutosha bila kuhisi ameshiba.

Kwa hiyo siku saba za kuandika kila kinachoingia kinywani ni hatua ya lazima. Daftari lile lile la mauzo linatosha, ukurasa wa nyuma. Iandikwe saa, chakula na kiasi: chapati 1, chai kikombe 1 na sukari vijiko 3, karanga konzi 1. Hakuna haja ya kujihukumu.

Baada ya wiki, daftari litaonyesha moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba chakula kimerudi taratibu kupitia mlango wa nyuma. Huyo hahitaji kuongeza wala kufunga. Anahitaji kuziba uvujaji, na mara nyingi sukari ya chai na mafuta ya kukaangia hutosha.

La pili ni lile la mama wa Namanga: kurasa zenye chai ya rangi asubuhi, hakuna kitu mchana, na mlo mmoja usiku. Dalili nazo zipo. Kizunguzungu, baridi, usingizi wa mang'amung'amu, hasira, nywele kukatika, na kwa mwanamke hedhi kuvurugika au kukosekana. Huenda pia kukawa na usiku mmoja au miwili kwa wiki ambapo uvumilivu unakatika na sufuria nzima inamalizwa kwa aibu, kisha kesho yake adhabu ya kufunga inaanza upya. Mwenye daftari la aina hii akipunguza tena, anaongeza kuni kwenye moto ule ule. Ndiye anayehitaji kula zaidi, na ndiye anayeogopa zaidi.

Mahindi mabichi na mahindi makavu

Hofu hiyo ina sababu inayoonekana kwa macho. Anayejaribu kuongeza chakula baada ya kujinyima hupanda mizani asubuhi ya pili au ya tatu na kukuta kilo moja au hata mbili zimeongezeka. Anashtuka, anasema alijua, anarudi kufunga.

Wavushaji wa nafaka wanayo elimu ya kuyajibu haya kuliko watu wengi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia la mahindi mabichi huwa zito, lakini mnunuzi mzoefu halipi bei ya uzito ule, maana anajua sehemu yake ni maji. Likianikwa, uzito unashuka ingawa punje hazijapungua hata moja. Mizani haikudanganya, ila haikusema ilipima nini.

Mwili nao una maji yake. Kwenye ini na misuli huhifadhiwa sukari ya akiba iitwayo glaikojeni, takriban nusu kilo kwa mtu mzima aliyeshiba. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Anayejinyima huimaliza sehemu kubwa ya akiba, na maji yake huondoka nayo. Hii ndiyo sababu wiki ya kwanza ya kupunguza chakula huwa na matokeo ya kufurahisha kupita kiasi. Akirudi kula viazi, wali au ugali wa kutosha, akiba hujazwa. Akirudisha gramu 300 tu, maji yake ni karibu gramu 900, na mizani inasoma takriban kilo 1.2 zaidi. Hakuna mafuta yaliyoongezeka hapo. Misuli imepata nishati ya kunyanyulia gunia.

Chumvi nayo hushika maji. Samaki wa chumvi wa jana usiku anaweza kuonekana kwenye mizani ya leo. Kwa wanawake wengi, siku chache kabla ya hedhi huleta maji yanayoondoka yenyewe. Na chakula kilichoko tumboni kina uzito wake kabla hakijasagwa.

Hofu ikipigiwa hesabu

Mafuta ya mwili ni jambo jingine, na yana hesabu yake. Kwa makadirio yanayotumika sana, kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya takriban kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo moja ya mafuta, lazima ale kalori 7,700 juu ya zile ambazo mwili wake unazitumia. Haiwezekani kufanya hivyo kwa yai la asubuhi.

Chukua nyongeza ndogo: mayai mawili ya kuchemsha na ndizi mbivu moja kila asubuhi, takriban kalori 250. Kwa siku 14 hiyo ni kalori 3,500. Hata ikitokea hali mbaya kuliko zote, yaani mwili usitumie hata punje ya nyongeza hiyo bali uihifadhi yote kama mafuta, ongezeko halifiki nusu kilo. Huo ndio ukubwa wa juu kabisa wa hasara inayoogopwa.

Katika hali halisi hasara huwa ndogo zaidi, au haipo. Aliyekula asubuhi hutembea zaidi, hubeba zaidi, hufikiri vizuri zaidi na hafiki usiku akiwa na njaa ya kumaliza sufuria. Upande wa pili wa hesabu, usiku mmoja wa kula kwa fujo baada ya kufunga mchana kutwa unaweza kuzidi nyongeza ya wiki nzima ya mayai na ndizi.

Mapumziko yana kazi gani?

Hapa panahitajika ukweli, maana wapo wanaouza wazo kwamba kula zaidi kunayeyusha mafuta. Hakuyeyushi. Mafuta hupungua pale kinachotumika kinapozidi kinachoingia.

Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wanaume 51 wenye unene uliokithiri katika makundi mawili. La kwanza lilipunguza chakula kwa theluthi moja kwa wiki 16 mfululizo. La pili lilifanya kiasi hicho hicho kwa awamu: wiki mbili za kupunguza, kisha wiki mbili za kula kiasi cha kushikilia uzito, kisicho cha kunenepesha wala kukondesha, hadi wiki 16 za kupunguza zikatimia katika jumla ya wiki 30. Waliopumzika walipungua wastani wa kilo 14, na wasiopumzika kilo 9.

Habari hiyo ilisambaa sana, lakini si neno la mwisho. Utafiti mwingine wa Australia wa mwaka 2021, uliofanywa kwa wanaume na wanawake 61 waliozoea mazoezi ya kunyanyua vyuma, haukuona tofauti ya kupungua kwa mafuta kati ya waliopumzika na wasiopumzika. Ulichoona ni kwamba waliopumzika walihisi njaa kidogo.

Kwa pamoja, tafiti hizo mbili zinatosha kumwondolea mtu hofu. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba wiki ya kula kwa kipimo iliharibu kazi iliyokwishafanyika. Kwa faida ndogo, njaa hupungua na mtu hupata pumzi ya kuendelea. Safari ya lori haipotei kwa sababu dereva amelala Emali au Makuyuni. Inapotea anaposinzia usukani ukiwa mkononi.

Kuanza bila kuruka

Hofu haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Huondoka pale mtu anapojaribu kidogo na kuona mwenyewe hakuna lililoharibika. Kwa anayeishi kati ya foleni na lori, mpango unaweza kuwa hivi.

Achague wiki mbili zisizo na msiba wala harusi, na aandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Jambo lenye mwisho haliogopeshi kama lisilo na mwisho.

Arudishe mlo mmoja tu, na uwe wa asubuhi au mchana, si nyongeza ya usiku. Mayai na ndizi, au kikombe cha uji na maziwa, au nusu kikombe cha maharage na kipande cha kiazi kitamu. Milo mingine asiiguse. Wiki ya pili, mwili ukikubali, aongeze tena kiasi kama hicho.

Asisahau vyakula vya kujenga mwili. Dagaa, maharage, mayai, samaki, kuku, maziwa ya mgando. Hivi hushibisha na husaidia kulinda misuli, ambayo mtu anayejinyima huipoteza pamoja na mafuta. Kwenye vibanda vya mipakani vyote hivi vipo. Tatizo huwa mafuta ya kukaangia, kwa hiyo aombe vya kuchemsha au vya kuchoma. Akiwa Busia upande wa Uganda na hamu ya roleksi ikamshika, chapati moja yenye mayai mawili ni mlo kamili, haihitaji soda juu yake.

Ajipime kwa mizani ile ile, asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote. Mizani ya duka la dawa la upande huu si ya upande ule, na wafanyabiashara wanajua hilo kuliko mtu yeyote. Kama anajipima kila siku, ajumlishe siku saba na kugawanya kwa saba, kisha alinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki. Kama namba ya kila siku inamharibia siku, ajipime mara moja kwa wiki. Na tepu ya fundi cherehani ipite kiunoni kila baada ya wiki mbili, maana kiuno kinaweza kusema jambo ambalo mizani haikusema.

Aandike pia mambo ambayo mizani haiyapimi: amelala saa ngapi, kichwa kimeuma au la, amebeba magunia mangapi bila kutetemeka, amekosea hesabu mara ngapi. Kwa mfanyabiashara hizo ni namba za fedha.

Wiki mbili zikiisha, aamue. Anaweza kurudi kupunguza, lakini kwa kiasi asichohitaji kufunga ili kukifikia. Anaweza pia kuamua kwamba kilo 83 zenye magoti yasiyouma na shinikizo lililoshuka ni mahali pazuri pa kukaa kwa miezi michache. Kushikilia uzito uliopunguzwa ni kazi, na anayeweza kuifanya hajashindwa.

Wasiopaswa kujaribu peke yao

Wapo ambao nyongeza au upungufu wowote unapaswa kupita kwa mhudumu wa afya kwanza. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ni wa kwanza: kwao kuruka mlo kunaweza kushusha sukari hadi kuzimia, na kubadilisha mlo kunaweza kuhitaji kubadilishwa kwa dozi. Wamo pia wajawazito, wanaonyonyesha, wenye maradhi ya figo au moyo, na wanaotumia dawa za kila siku.

Anayepungua bila kukusudia asifurahie kilo zinazokwenda. Kikohozi kisichoisha, homa za usiku, kiu kali na kukojoa mara kwa mara ni sababu za kwenda kupimwa kifua kikuu, kisukari na virusi vya Ukimwi, upande wowote wa mpaka alipo.

Na yupo ambaye hofu yake imekuwa kubwa kuliko uzito wenyewe. Anajificha kula, anajitapisha, anakunywa vya kuharisha baada ya kila mlo, au analia kwa sababu ya kipande cha mkate. Hilo linatibika kama maradhi mengine, na si la kuonewa haya. Mtu wa kuambiwa kwanza anaweza kuwa muuguzi, ndugu, au rafiki wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeweza kusikiliza bila kutangaza sokoni.

Asubuhi ya nne

Kibandani Namanga, mama wa mahindi ameanza wiki zake mbili. Siku ya kwanza alikula yai moja na kuacha la pili. Siku ya pili alimaliza yote mawili, akakaa mchana kutwa akijishika tumbo kama mwenye deni. Asubuhi ya nne mizani ilisoma kilo 84.1.

Alisimama pale juu kwa muda. Kisha akafanya anachofanya kila anapoletewa gunia zito kuliko linavyoonekana: akajiuliza ndani yake maji ni kiasi gani. Akateremka, akaandika 84.1 kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, chini ya tarehe, akatoka kwenda mpakani. Alipofika kibandani mamalishe alimletea chai ya rangi kama kawaida, na mama akamwomba na mayai mawili na ndizi.

Zimebaki siku kumi kabla ya kupiga wastani. Mchana ule alihesabu noti zake mara moja tu, na hesabu ikakubali.